Mashine Niliyomchagulia Dada

Dada yangu alikuwa mwanamke wa kwanza niliyemwona akishika bunduki, na kwa muda mrefu nilidhani alikuwa peke yake mkoa mzima wa Singida. Ilikuwa bunduki ya upepo, ile ya kuvunja mtutu katikati na kuweka kirisasi kisichozidi punje ya mtama, lakini watu wa minadani hawakujali tofauti. Walimwona amejifunga kanga kiunoni, kilemba kichwani, ameegemea meza na kufumba jicho la kushoto, halafu wanaona kizibo cha soda kilichoning'inizwa kwa uzi kinaruka. Walicheka, wakasogea, wakatoa hela ili nao wajaribu.

Bunduki zilikuwa mbili, na zote aliachiwa na mumewe. Shemeji alikuwa askari wa wanyamapori, mtu mpole wa upande wa Ikungi, na ndiye aliyemfundisha kulenga, nyuma ya nyumba yao, kwa kupiga makopo ya maziwa. Alipofariki, dada alibaki na binti mmoja mdogo na bunduki hizo. Ndugu wa marehemu walitaka ziuzwe. Dada akaenda polisi mwenyewe kuomba vibali viandikwe jina lake, akarudishwa mara tatu. Mara ya nne afisa alimwuliza mwanamke anataka bunduki za nini. Akamjibu, "Za biashara."

Zamani kidogo jibu hilo lingemletea matatizo. Lakini soko huria lilikuwa limeshaingia, na biashara halikuwa tena neno la kusema kwa sauti ya chini. Watu waliokuwa wakipanga foleni ya sukari sasa walikuwa wanauza mitumba, sabuni za kutoka Nairobi, betri na redio za bei rahisi. Afisa akaandika.

Baba hakupenda. Alikuwa mtu wa Pangani aliyekuja Singida kijana, akafungua duka la vitambaa, akamwoa mama, Mnyaturu wa hapa hapa. Alituzoesha kwenda msikitini na kuamkia watu, na hakuwahi kufikiri kwamba binti yake angesimama katikati ya walevi wa mnadani na bunduki mkononi. Lakini duka lake lilikufa miaka ya uhaba, na bidhaa ziliporudi yeye hakuwa na nguvu ya kuanza upya. Dada ndiye aliyeleta unga na mafuta ya kupikia nyumbani. Baba akanyamaza. Mama alisema tu kwa Kinyaturu, huku akichambua mboga, kwamba mtoto asiyeiba aachwe.

Banda la dada lilikuwa turubai, meza moja na ubao wa nyuma wa kuzuia risasi. Ukipiga kizibo unapata biskuti. Ukipiga kijiti cha kiberiti kilichosimamishwa, unapata sabuni ya mche au betri. Kulikuwa na uzi uliobeba kanga mpya, doti nzima, na ukiukata uzi kanga ni yako. Ulikatwa mara chache, lakini ulikatwa, na dada hakuwahi kuubadilisha kwa waya kama mmoja wa washindani wake alivyofanya. Wiki hii alikuwa Kiomboi, wiki ijayo Nduguti, na mara moja moja Mitundu, barabara ikipitika.

Mimi nilikuwa mdogo wake kwa miaka kumi, kwa hiyo hata baada ya kuoa niliendelea kumwamkia shikamoo na yeye aliendelea kuniuliza kama nimekula. Nilikuwa fundi friji. Nilisomea Dodoma miaka miwili, na nilivyorudi nilikaa muda mrefu bila kazi ya maana, maana friji mjini zilihesabika. Halafu zikaanza kuingia friji za mitumba kutoka ng'ambo, na kila aliyepata kibanda alitaka kuuza soda baridi. Ghafla nikawa mtu wa kutafutwa. Wenye baa waliniita mzee nikiwa sijafika miaka thelathini. Nasema hivi kwa sababu sifa hizo zina mkono wake katika yaliyotokea. Nilizoea kuulizwa, na nilizoea kuwa na jibu.

Aliyebadilisha biashara ya dada alikuwa mzungu mmoja aliyekuwa akitafiti madini huko Iramba. Kambi yake ilifungwa, akawa anauza kila kitu kabla ya kuondoka: vitanda, jenereta, vyombo. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na bunduki tatu za upepo za aina ambayo hatukuwahi kuiona. Hazikuvunjwa mtutu. Chini ya mtutu kulikuwa na mtungi mwembamba wa kujazwa upepo mkali, na ukishajaa unapiga risasi thelathini na zaidi bila kutumia nguvu yoyote. Pamoja nazo alitoa pampu ya mkono, mtungi mkubwa mtupu wa chuma na mpira wake wa kujazia. Dada alizijaribu pale kambini, akapiga mara tano, akaniangalia.

"Hii hata bibi yetu angepiga," alisema.

Alihangaikia vibali mwezi mzima, akavipata. Na kweli, wateja waliongezeka. Zile bunduki za zamani zilihitaji mkono wenye nguvu kuzikunja, lakini hizi wazee walipiga, wanawake waliokuja kuuza kuku walipiga, hata sheikh mmoja wa Kiomboi alipiga akapata sabuni na akacheka hadi akaketi. Wakati huo mabanda ya video yalikuwa yameanza kuvuta watu, na bila zile bunduki mpya nadhani dada angefunga.

Taabu ilikuwa kujaza. Pampu ya mkono ilikuwa ndefu, ya kusimama, na kila bunduki ilihitaji kusukumwa mara sabini au themanini. Mwanzo unaona rahisi, lakini geji ikipanda inabidi ulale juu ya mpini kwa uzito wako wote. Dada alifanya hivyo siku nzima kwenye jua. Jioni alikuwa hawezi kuinua bega la kulia kuvua kilemba. Mama alimkanda kwa mafuta ya moto, na ni mama aliyeniambia, "Wewe si ndiye fundi? Mtafutie dada yako mashine."

Nikamwambia dada kwamba dawa yake ni kompresa. Akauliza kama ile ya mafundi wa matairi ya stendi haitoshi. Hilo nililijua. Nilimweleza kwamba upepo wa tairi ni mdogo sana, bunduki zake zinataka karibu mara mia ya huo, na mashine za kiwango hicho ni zile zinazojaza mitungi ya wapiga mbizi baharini. Alisikiliza vizuri. Alikuwa na tabia ya kusikiliza akikutazama mdomoni.

Tulisafiri pamoja hadi Dar es Salaam. Baada ya kuuliza siku mbili tulielekezwa kwenye yadi moja ya mashine za mitumba, kwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa nazo mbili.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya umeme. Ubavuni ilikuwa na bomba nene la chujio, na mzee alilifungua akatuonyesha ndani: mkaa wa kunasa moshi wa oili, na punje nyeupe za kunyonya unyevu. Valvu yake ya usalama ilikuwa na lakiri ya madini ya risasi ambayo haijakatwa. Kasoro yake ilikuwa upole. Kujaza ule mtungi mkubwa kungechukua zaidi ya saa nzima, na kila baada ya muda lazima uipumzishe.

Ya pili ilikuwa kubwa, ya injini ya petroli, imefungwa kwenye fremu ya chuma yenye vishikio vinne. Mzee alipoivuta kamba iliunguruma yadi nzima ikageuka. Ilijaza haraka maradufu. Lakini mahali pa chujio palikuwa na kipande cha bomba tupu.

"Chujio halipo," mzee alisema bila kuficha. "Aliyeniuzia ndiye aliyetoa. Mtatafuta jingine. Na oili yake si ya gari, ina oili yake. Nitawapa kopo moja."

Dada aliizunguka ile ndogo. Akainama akagusa chujio. Halafu akaniambia jambo ambalo nimelifikiria tangu siku ile.

"Mdogo wangu, kwa nini mashine iende mnadani? Mashine ikae nyumbani penye umeme. Tujaze mtungi mkubwa pole pole siku ya kabla, sisi tusafiri na mtungi. Pale mnadani kazi ni kufungua na kufunga tu."

Nilimjibu haraka. Nilisema umeme wa Singida unakatika. Nilisema mtungi mmoja utaisha saa sita mchana na wateja wamejipanga. Nilisema hiyo ndogo ni ya mtu mwenye bunduki moja ya kuchezea. Miaka baadaye nilikaa na kalamu nikahesabu. Mtungi mmoja ungejaza bunduki zile mara ishirini na zaidi, na hiyo ni zaidi ya kazi ya mnada mzima. Alikuwa sahihi kabisa, mwanamke aliyeishia darasa la saba, na mimi mwenye cheti sikufanya hesabu ile siku iliyohitajika. Sikuifanya kwa sababu nilishaamua. Nilitaka kurudi Singida na mashine inayounguruma.

Mzee wa yadi alituona tunavutana. Akamwambia dada kwa upole, "Mama, muulize fundi wako kama hizi anazijua."

Dada akanigeukia. "Unazijua?"

"Kompresa ni kompresa, Dada. Friji nayo inabana gesi."

Friji inabana gesi, ni kweli. Lakini mkandamizo wa friji ukilinganisha na wa mashine ile ni kama kulinganisha moto wa kibatari na wa tanuri, na hilo nililijua hata nilipokuwa nikitamka. Dada alitazama ile ndogo mara moja zaidi, akasema, "Haya. Wewe ndiye fundi."

Tulipewa na kitabu chake, cha Kiingereza, kurasa zimelowa oili. Nilikisoma ndani ya basi tulipokuwa tumeshapita Dodoma. Kulikuwa na ukurasa wenye maandishi ndani ya kisanduku cheusi. Ulisema mashine isiwashwe kamwe bila chujio. Ulisema oili itumike ile ya aina yake peke yake, kwa sababu oili nyingine, ikipata joto na upepo wa mkandamizo ule, inaweza kuwaka ndani ya mabomba na kuyapasua. Nilisoma mara mbili. Kiingereza changu hakikuwa kikubwa, lakini kwa ukurasa ule kilitosha.

"Kitabu kinasemaje?" dada aliuliza. Alikuwa ameketi dirishani na karanga mapajani.

"Kinasema tuitunze. Tumwage maji yanayojikusanya, tubadilishe oili."

"Oili gani?"

"Ya mashine."

Alitikisa kichwa kukubali, akanipa karanga. Nilijiambia kwamba chujio nitalitafuta, na kwamba nikimsomea ukurasa ule atataka tushuke turudi. Angetaka, ndiyo. Nilimjua.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya furaha, sitaki kudanganya. Mashine iliwavuta watu kwa mlio wake kabla hata hawajaona bunduki. Bega la dada lilipona. Alijifunza kuitumia upesi kuliko nilivyotegemea: kufungua valvu taratibu, kutazama geji, kumwaga maji kila baada ya robo saa. Nilimwonyesha yote isipokuwa kile nilichokiacha kitabuni. Nilipokuwa na nafasi nilimfuata minadani, nikasimama karibu na mashine, na watu wakaniuliza inavyofanya kazi, nikawaeleza. Chujio niliulizia mara moja kwa barua. Sikujibiwa, na sikuandika tena.

Halafu kopo la oili likaisha. Niliuliza maduka yote ya spea ya Singida, hakuna aliyewahi kuisikia. Kuiagiza Dar kungechukua wiki mbili au zaidi, na mnada wa Nduguti ulikuwa keshokutwa. Nilinunua oili ya injini ya gari, mpya, ya bei ya juu, kana kwamba bei ingesaidia. Niliimimina nikiwa peke yangu uani. Nilijiambia ni kwa mnada huo mmoja.

Ilifanya kazi. Ikafanya kazi mnada wa pili, wa tatu na wa nne. Kila mara iliporudi salama niliona kwamba wenye kitabu walikuwa wanatia chumvi ili wauze oili yao. Dada aliwahi kuniambia kwamba moshi wake umebadilika harufu. Nikasema ni petroli ya siku hizi.

Ilikuwa tena Nduguti, asubuhi ya saa nne hivi. Dada alikuwa anajaza mtungi mkubwa. Mimi nilikuwa nimekwenda kwenye nyama, hatua chache tu kutoka bandani, naongea na mchomaji juu ya friji ya shemeji yake. Nikasikia mlio kama wa tairi la lori kupasuka. Mbuzi wa mnadani walikimbia upande mmoja. Nilipogeuka niliona turubai limechanika na moshi mweusi mwembamba unapanda, na dada ameketi chini, miguu imenyooka, kanga ameishika usoni kwa mikono yote miwili.

Nilipomfikia alisema, "Zima mashine." Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Mashine ilikuwa bado inanguruma. Nikaizima. Ndipo nikaona damu inashuka kwenye mkono wake hadi kiwikoni.

Kile kipande cha bomba, kilichokaa mahali pa chujio, kilikuwa kimepasuka kwenye kiungo, na kipande cha shaba kikamwingia jicho la kulia. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe alitupa gari lake hadi Kiomboi. Njia nzima nilimshika dada mabega na yeye aliniuliza mambo ya kawaida: bunduki zimefungiwa wapi, nani amebaki na zawadi, kama kuna mtu mwingine ameumia. Hakuna mwingine aliyeumia. Alishukuru Mungu kwa hilo mara tatu.

Hospitali ya Kiomboi walimhudumia wakamtuliza, wakatuandikia rufaa kwa wataalamu wa macho. Jicho halikuokolewa. Lilikuwa ndilo jicho lake la kulengea.

Polisi walikuja kuandika maelezo kwa sababu bunduki zilihusika. Dada alikuwa kitandani, kichwa kimefungwa bandeji. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda.

"Mama, ilikuwaje?"

"Nilifungua valvu kwa haraka," dada alisema. "Wateja walikuwa wengi. Ni kosa langu mwenyewe."

Hakuwa ananilinda. Aliamini hivyo. Alikuwa amelala pale siku mbili akijaribu kukumbuka mkono wake ulifanya nini, na hilo ndilo alilopata. Askari akanitazama akauliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina.

Nina hakika kabisa haukuwa mkono wake. Niliporudi kuchukua mashine nililifungua lile bomba lililopasuka, na ndani lilikuwa na masizi meusi makavu, yamegandamana kama ya chungu cha zamani. Oili iliwaka humo ndani. Nilichukua petroli na kitambaa nikalisafisha likang'aa. Sikutumwa na mtu. Hakuna aliyekuja kulikagua. Nililisafisha nikiwa peke yangu, na nadhani hilo linaniuma kuliko hata kumimina oili, kwa sababu nilipomimina bado nilikuwa na matumaini.

Kwa mwaka mzima dada alieleza ajali ile kwa maneno yale yale. Kila aliyekuja kumpa pole aliambiwa juu ya haraka yake. Majirani, wake za mafundi wenzangu, wazee wa msikitini. Binti yake alipomwaga chai kwa haraka zake, alimwambia, "Taratibu, usiwe kama mimi." Nilikuwepo siku hiyo. Niliinuka nikatoka nje.

Alijaribu kulenga kwa jicho la kushoto. Tulikwenda nyuma ya nyumba, akaegemea ukuta, akapiga kopo mara kumi akalipata mara moja. Aliweka bunduki chini akasema amechoka. Siku chache baadaye alianza kushughulikia kuziuza, zote tano, kwa mkulima mmoja mkubwa wa alizeti aliyesumbuliwa na njiwa. Mashine mimi niliifungua vipande vipande. Injini ikaenda kwa mtu wa pampu ya maji, na sehemu ya kubana upepo niliipeleka kwa wanunuzi wa vyuma baada ya kuivunja kwa nyundo, ili asije mtu akaiwasha.

Nilimwambia siku moja mchana. Alikuwa uani anapepeta mtama. Sikuwa nimepanga. Nilikuja kumletea dawa ya macho, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanionyesha kigoda. Kisha akasema, kama alivyokuwa akisema mara nyingi, "Unajua bado najiuliza, kwani ningesubiri kidogo tu ningepungukiwa nini."

Nikasema, "Dada, haikuwa valvu."

Nikamweleza yote. Kitabu, kisanduku cheusi, kopo lililoisha, oili ya gari, bomba nililolisafisha. Sikumtazama. Niliposema yote nilisikia ungo umesimama.

Kisha akauliza, "Basini nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza oili gani."

"Ndiyo."

Akatoa mawe mawili kwenye mtama akayatupa pembeni. "Jicho ningekusamehe siku ile ile," alisema. "Watu wanakosea. Lakini umenitazama mwaka mzima ninajilaumu. Umekaa hapa, umekula chakula changu, unanisikia nikisema mkono wangu, mkono wangu. Hilo sijui nilifanye nini."

Nikaanza kusema nisamehe. Akanyanyua mkono. "Nenda nyumbani kwako."

Hatukuongea miaka mitatu. Alihamia Kiomboi, ambako binti yake alipata kazi ya ualimu. Sikukuu za Idi nilituma watu wanifikishie shikamoo, na walirudi wakasema ameitikia. Hakuuliza habari zangu. Mke wangu alikwenda kumtembelea mara mbili, akapokelewa vizuri, akapewa kuku wawili wa kurudi nao. Baba alifariki katika kipindi hicho bila kujua sababu ya ugomvi wetu, na msibani tulikaa pande mbili za nyumba, yeye na wanawake ndani, mimi na wanaume nje, kwa hiyo hakuna aliyegundua.

Mama alipougua ndipo tulipokutana. Alilala kwangu Singida wiki tano, na dada akaja kumwuguza. Siku ya kwanza nilirudi kutoka kazini nikamkuta jikoni. Nilimwamkia. Akaitikia bila kugeuka. Baada ya muda akauliza, "Umekula?" Nikasema bado. Akaniwekea ugali na mlenda, nikala pale pale nimesimama. Wiki zile tulizungumza juu ya dawa za mama, maji ya kuoga, nani akeshe naye. Mama alipotutoka tulilia pamoja. Hatukurudi kwenye habari ya mashine, wala sijui kama kimya kile kilikuwa msamaha au uchovu tu.

Siku hizi watu wenye bunduki za upepo wamekuwa wengi kidogo, wakulima wanaofukuza njiwa na kanga mashambani, na baadhi wananiuliza kompresa ipi wachukue. Ninawaambia kila ninachokijua. Waanze na chujio kabla ya kutazama ukubwa wa injini. Wahakikishe oili yake inapatikana wanakoishi, la sivyo wasinunue. Wanunue mtungi mkubwa na mashine ndogo ya polepole, kisha wasafiri na mtungi. Hilo la mwisho ninawaambia lilitoka kwa dada yangu. Na wakileta kitabu ninawasomea kila mstari, hata wasipotaka.

Kwa dada ninakwenda mara mbili tatu kwa mwaka. Ananikaribisha, ananipikia, wajukuu zake wananiita babu. Amevaa miwani yenye kioo kimoja cheusi, na amenenepa kidogo. Tunaongea juu ya mvua na bei ya alizeti. Mwaka juzi alinunua mashine ya kukamua mafuta, akafungua kibanda karibu na stendi. Niliisikia habari hiyo kwa dereva wa basi, wiki kadhaa baada ya dada kuisimika mashine. Nilikwenda kuiona. Nilisimama mlangoni nikaitazama inavyozunguka, mikanda yake imekazwa vizuri, imefunikwa na wavu ili asinaswe mtu nguo.

"Alikuchagulia nani?" nilimwuliza.

"Niliulizia," alisema, akaendelea kuziba madumu.

Ilikuwa mashine nzuri sana. Nilimwambia hivyo, akasema asante.